Kauntabuku na Saa 24

Maandamano ya Nairobi yakivunjika jioni, na watu wakapanda matatu kurudi Mathare, Kayole, Githurai na Mukuru, hapo ndipo zamu yetu huanza, kwenye meza ya simu ya kuwatafuta walioshikwa. Simu zinalia mfululizo. Mama anauliza mwanawe alionekana wapi mara ya mwisho. Dada anasema mumewe alisukumwa ndani ya gari lisilo na namba. Kijana anatuma picha ya rafiki yake akiwa amebebwa hobelahobela na wanaume wanne waliovalia kiraia. Wote hao wanahitaji jambo moja kabla ya mengine yote: jina la mtu wao liandikwe mahali ambapo halitafutika.

Tunaofanya kazi hii mitaani tumejifunza kwamba utawala wa mabavu huanza kwa kukana. "Hayupo hapa." "Hatujamshika mtu kama huyo." Miaka ya 1980 watu walizuiliwa na kuteswa ndani ya Nyayo House, katikati ya mji, huku familia zao zikizunguka stesheni baada ya stesheni. Mnamo 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walimwendea Mwanasheria Mkuu kudai watoto wao, kisha wakapiga kambi kwenye kona ya Uhuru Park wakiwa na Wangari Maathai. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia, na baadhi ya akina mama wale wakavua nguo mbele yao, laana nzito kuliko zote. Walihamia kanisa la All Saints na hawakulegeza kamba. Wakati huo hakukuwa na Katiba ya kuwalinda kama hii ya 2010. Walichokuwa nacho ni majina, na waliyataja kila siku mpaka nchi nzima ikayajua.

Kwa hiyo tunaanza na majina. Nunua kauntabuku nene iliyoshonwa kwa uzi. Usinunue daftari la seng'enge, kwa sababu ukurasa wake hunyofoka bila kuacha alama, na wakili wa upande wa pili atauliza ni kurasa ngapi zilitolewa. Andika nambari za kurasa kwa mkono kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Piga mistari kwa rula: saa habari ilipopokelewa, majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho, jina la mtaani, umri, mahali na saa aliposhikwa, nguo alizovaa, dawa anazotumia, nambari ya shahidi, stesheni, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), hali. Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili neno la kwanza liendelee kusomeka, kisha tia sahihi kando. Usifute kwa dawa nyeupe.

Kila safu ina sababu yake. Jina la mtaani linahitajika kwa kuwa watu ishirini watakupigia kuhusu Kevo, na hakuna hata mmoja anayejua jina la babake. Nguo zinahitajika kwa kuwa askari wa seli hakumbuki majina ila anamkumbuka kijana wa jaketi nyekundu. Nguo hizohizo ndizo zitakazotumika mochari, Mungu apishe mbali, na ni afadhali ziwe zimeandikwa na mtu ambaye mikono yake haikuwa ikitetemeka. Safu ya dawa huokoa maisha: mwenye pumu, mwenye kisukari, mwenye kifafa na anayetumia dawa za virusi hawawezi kungoja mpaka Jumatatu.

Mashahidi hawaandikwi kwa majina humo. Kila shahidi anapewa nambari, na jina lake linakaa kwenye daftari dogo lililo kwa mtu mwingine, nyumba nyingine. Kauntabuku inaweza kuchukuliwa kwenye msako. Ikichukuliwa, aliyeshikwa tayari anajulikana kwa polisi, lakini aliyeona hajulikani, na anapaswa kubaki hivyo mpaka wakili aamue. Kila saa mbili mtu wa pili ananakili mistari mipya kwenye karatasi na kuipeleka kwa mawakili. Kuweka orodha kwenye simu pekee ni hatari. Simu hunyang'anywa, huzima, na ikifunguliwa kwa kidole cha mwenyewe akiwa amefungwa pingu, orodha nzima imekwenda. Zima alama za vidole kabla ya kutoka nyumbani, tumia nambari ya siri ndefu, na namba ya dharura iandikwe mkononi kwa kalamu isiyofutika kwa maji, chini ya kiwiko, ambapo mkono wa shati utaifunika.

Baada ya hapo ni kwenda stesheni. Tunatuma watu wawili wawili, na tunapenda mmoja wao awe mama wa makamo. Wasiwe wale waliotoka barabarani wakiwa bado wananuka gesi. Wabebe vitambulisho vyao halisi. Salamu kwanza: "Habari za kazi, afande. Tumekuja kumtafuta mtoto wetu." Kisha maswali kwa mpangilio huu: Yuko hapa? Ameandikwa kwenye OB namba ngapi? Saa ngapi? Kwa kosa gani? Afisa gani ana faili yake? Namba ya OB huanza upya kila siku, kwa hiyo namba bila tarehe haina kazi. Ukitajiwa "thelathini na mbili", uliza ni thelathini na mbili ya lini, uandike vyote pamoja.

Ukiambiwa hayupo, usiondoke kwa hasira. Omba uandikishe ripoti ya mtu aliyepotea. Ripoti hiyo nayo lazima iingie kwenye OB na upewe namba, na hapo ndipo maneno "hayupo hapa" yanapopata tarehe na saa yake. Ukiambiwa usubiri saa 24 kwanza, mwombe kwa upole akuonyeshe sheria inayosema hivyo. Rudi zamu ikibadilika uulize upya, kwa maana anayeingia wakati mwingine husema ukweli ambao aliyetoka aliuficha. Halafu panua mzunguko: stesheni za jirani, kisha za mbali, hata nje ya kaunti kuelekea Kiambu na Machakos. Kuhamisha watu usiku ni mbinu ya kawaida. Wengi wetu mwanzoni tulikosea kwa kung'ang'ania stesheni moja tukiimba nje ya lango, huku mtu wetu akiwa ameshapelekwa kwingine tangu saa tatu usiku.

Kosa jingine hutendwa na walioshikwa wenyewe: kutoa jina la uongo kwa sababu ya hofu. Inaeleweka, lakini inatuumiza. Wakili anaulizia jina la kitambulisho, askari anaangalia kitabu, jina halimo, na kwa kweli haongopi. Ibara ya 49 ya Katiba inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, kuelezwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, na kuwasiliana na wakili au mtu wa kumsaidia. Mfundishe kijana sentensi moja aishike: "Jina langu ni hili, nataka kuongea na wakili, sitasema lingine." Akiwekewa karatasi iliyoandikwa tayari atie sahihi, akatae.

Ibara hiyohiyo ndiyo inayoweka saa 24. Aliyekamatwa lazima afikishwe mahakamani kabla saa hizo hazijaisha. Lakini soma mpaka mwisho, kwa kuwa hapo ndipo wengi huteleza: saa 24 zikiishia nje ya saa za mahakama au siku ambayo mahakama haifanyi kazi, muda unasogea mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana anayeshikwa Ijumaa alasiri anaweza kulala seli hadi Jumatatu bila sheria kuonekana imevunjwa. Ijumaa basi tunajipanga tofauti. Wakili anatafutwa mchana uleule kudai dhamana ya polisi kwa OCS, mkuu wa stesheni, kabla ofisi hazijafungwa. Blanketi, maji, maziwa na mkate hupelekwa jioni, na anayepeleka anaonja chakula mbele ya askari akitakiwa. Dawa zipelekwe kwenye pakiti yake pamoja na karatasi ya hospitali, kwa sababu vidonge vilivyofungwa kwenye kitambaa hukataliwa.

Saa zikipita na hakuna stesheni inayokiri, kuna mlango wa Mahakama Kuu. Ibara ya 51 inaruhusu ombi la kuamuru mtu anayezuiliwa aletwe mbele ya jaji, akiwa hai au vinginevyo, na Ibara ya 25 inasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa hali yoyote. Wakili hawezi kuandika ombi hilo kwa machozi. Anahitaji hati ya kiapo ya jamaa, namba ya OB ya mtu aliyepotea, saa, mahali, na nani aliona. Yaani anahitaji mstari mmoja kutoka kwenye kauntabuku, uliojazwa vizuri.

Siku ya mahakama, usikimbilie Milimani pekee. Walioshikwa Eastlands mara nyingi hupelekwa Makadara, wengine Kibera, na tangu 2025, serikali ilipoanza kuwafungulia waandamanaji mashtaka ya ugaidi, ni lazima mtu aende Kahawa pia. Fika saa mbili asubuhi. Jamaa aje na kitambulisho na kitu cha kuonyesha mshtakiwa ana makao, hata barua ya chifu, maana hakimu anapofikiria dhamana huuliza kama mtu huyu atapatikana tena. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimruhusu mtu kuwekwa rumande. Mkumbushe wakili, kwa sababu siku mashtaka yanasomwa kwa watu arobaini kwa mkupuo, hata wakili hodari husahau.

Kuhusu risiti tunasema kwa uchungu, maana hapa fedha nyingi za michango zimepotea bila mtu kuiba hata senti. Dhamana ya pesa taslimu hurudishwa kesi ikiisha, lakini hurudishwa kwa aliyeweka, na risiti halisi inahitajika. Kijana mwenye huruma analipia watu sita, risiti anaziweka mfukoni, suruali inafuliwa. Au anahamia mji mwingine. Pesa hizo zingewatoa wengine sita mwaka unaofuata. Sasa kila risiti inapigwa picha hapohapo mahakamani, halisi inawekwa kwenye bahasha yenye nambari ya ukurasa wa kauntabuku, na jina la aliyelipa linaandikwa nje. Polisi nao wakipokea dhamana lazima watoe risiti. Anayetaka pesa bila risiti anataka hongo, na tusimpe jina jingine.

Aliyejeruhiwa atibiwe kwanza, hospitali yoyote, na karatasi za siku ya kwanza zisitupwe. Ndipo aende stesheni kuandikisha, apate namba ya OB na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, daktari aijaze. Wengi hungoja vidonda vipone kidogo ndipo watoke nyumbani, na daktari anaandika anachokiona: kovu. Piga picha majeraha siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, kwa sababu michubuko hubadilika rangi na mingine huonekana vizuri zaidi baada ya siku mbili.

Yote haya huwa mepesi kama barua ya kuwaarifu polisi kuhusu maandamano iliandikwa mapema. Sheria ya Utulivu wa Umma ni ya mkoloni, ya 1950, na mpaka 1997 ilikuwa lazima upate leseni ya serikali kabla ya kukutana. Mageuzi ya mwaka huo yaliondoa leseni na kuweka taarifa. Tofauti hii si ndogo hata kidogo. Usiandike "tunaomba ruhusa". Andika "tunakuarifu". Ukiomba, umewapa nafasi ya kukataa, na siku ya kesi barua yako itasomwa kama ombi lililokataliwa. Ibara ya 37 imeshatoa haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha. Taarifa ifike kwa OCS siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Ndani yake kuwe na majina kamili na anwani ya waandalizi, tarehe, saa (kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni), na mahali pa mkutano au barabara zote mtakazopita, kwa mpangilio.

Hapo kwenye barabara watu hukosea. Msafara wa kutoka Mathare kufuata Juja Road, Pangani, mpaka Jivanjee unapita maeneo ya stesheni zaidi ya moja, na kila OCS apate nakala yake. Vinginevyo mnatembea salama nusu ya safari, kisha mnakutana na afisa anayesema hana habari zenu, na kweli hana. Chapisha nakala mbili kwa kila stesheni. Moja inabaki, moja inapigwa muhuri na kurudi nawe. Wakikataa kupiga muhuri, jambo ambalo hutokea mara kwa mara, usibishane na usipige picha ndani ya stesheni. Iache barua, toka nje, andika saa, jina lililo kifuani pa afisa na maneno aliyosema, wote wawili mtie sahihi. Kisha itume tena kwa posta ya rejista au kwa barua pepe, ili kuwe na tarehe nyingine isiyo mikononi mwao.

Waandalizi waliotaja majina yao huogopa, na wana haki ya kuogopa. Tunaweka watatu, na wakili anawajua kabla ya siku yenyewe. Wengine hupendelea maandamano yasiyo na viongozi, kama yalivyokuwa ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha. Tunaheshimu nguvu ile: Bunge lilivamiwa tarehe 25, na kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Lakini gharama yake tuliiona kwenye meza ya simu. Hakukuwa na anayejua nani alikuwa na nani. Sasa, hata pale ambapo hakuna kiongozi, tunasisitiza watu waende watano watano, na kila kikundi kiwe na mmoja aliyebaki nyumbani anayejua majina kamili ya wote. Juni 2025, wahuni wenye rungu walipoletwa mjini juu ya pikipiki, vikundi vya namna hiyo viliweza kuhesabiana ndani ya dakika chache.

Vikao vya maoni ya umma ni kazi kavu, na vijana wengi huvidharau. Twendeni hata hivyo. Makadirio ya bajeti hufika bungeni kufikia 30 Aprili na mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo Mei ndio mwezi wenyewe. Ukisimama ukumbini ukaongea tu, kinachobaki ni sahihi yako kwenye orodha ya mahudhurio, na orodha hiyo inaweza kutumika kama ushahidi kwamba ulishirikishwa. Peleka maoni kwa maandishi, kifungu kwa kifungu: kifungu nambari hii, tunapinga, kwa sababu hii, tunapendekeza hivi. Nakala yako ipigwe muhuri. Sheria ya Fedha ya 2023 ilifutwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikairejesha 29 Oktoba, na sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa jinsi maoni ya wananchi yalivyoshughulikiwa. Asiye na nakala hana la kuweka mezani kwenye mabishano kama hayo.

Pesa za michango zisiingie kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kama nani. Watatu wajue, na kila Jumapili taarifa isomwe kwa sauti mbele ya wote, mpaka nauli ya shilingi mia. Polisi hawajavunja vikundi vingi mtaani kama swali hili moja lilivyovivunja: pesa ziko wapi?

Kunapokuwa na kifo, kazi hubadilika kabisa. Usiliguse ganda la risasi ukiliona chini. Weka sarafu kando yake, lipige picha, andika saa na mahali, mjulishe wakili na mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ambayo ipo kwa sheria ya 2011. Familia ina haki ya kuwa na daktari wake kwenye upasuaji wa maiti, na ni lazima apatikane kabla upasuaji haujafanywa, hivyo simu za kumtafuta hupigwa usiku uleule. Nguo za marehemu zisifuliwe. Mama yeyote atataka kuzifua, ni mikono ya upendo inayotaka hivyo, na ni lazima mtu akae naye amweleze polepole. Zikaushwe kivulini, kila moja peke yake, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi ya kaki. Nailoni huhifadhi unyevu, damu huoza, na alama zinaharibika. Nje ya mfuko iandikwe nani alizipokea, kutoka kwa nani, lini, na kila mkono unaozipokea baadaye uongeze mstari wake.

Kisha huja miaka ya kungoja. Kesi hizi husongezwa, na familia huchoka, na siku moja mama anafika mahakamani peke yake, anakaa kwenye benchi la nyuma, anasikia lugha asiyoielewa, na anaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Hilo tunajitahidi lisitokee. Kurasa za mwisho za kauntabuku ni za tarehe za mahakama tu: tarehe, mahakama, chumba, nani atamsindikiza, nani atamsaidia iwapo wa kwanza ataugua. Jioni ya kuamkia siku hiyo mama anapigiwa simu kuulizwa kama amekula. Kesi ikisongezwa, mstari mpya unafunguliwa hapohapo kwenye benchi, na nauli yake ya siku ile inawekwa kando kabla hajapanda matatu ya kurudi nyumbani.